Umepata Audi 200 quattro 20V? Anza na majimaji, mkanda na mipira. Turbo itasubiri

Maswali ni yaleyale kila mtu mpya anapoipata gari hii. Mbona kuna oili ya kijani inadondoka chini ya usukani? Mbona kipimo cha turbo kinasoma 1.0 wakati injini haijawashwa? Mbona feni inaendelea kuzunguka nikiwa nimeshafunga mlango? Na lile linalokuja kabla ya yote: chipu ya kuongeza nguvu nitaipata wapi? Nimeona heri niyaandike majibu mahali pamoja.

Kwanza tuelewane ni gari gani. Ni sedani ya Audi 200 ya mwili unaoitwa Type 44, yenye injini ya silinda tano, valvu ishirini na turbo, ya kati ya 1989 na 1991. Namba ya injini inaanza na herufi 3B. Ujazo ni sentimita za ujazo 2,226, nguvu farasi 220, gia tano za mkono tu, na magurudumu yote manne yanavuta. Kama yako ni turbo ya valvu kumi, yenye injini ya MC kwa mfano, mengi humu yatakufaa, ila mambo ya kompyuta na breki za mbele yanatofautiana.

Wakenya wenye umri wanaikumbuka Audi 200 kwa Safari Rally ya 1987, Hannu Mikkola alipoibuka wa kwanza na Walter Röhrl akamfuata. Zile zilikuwa za valvu kumi. Nalitaja kwa sababu wapo wanaouza 200 ya kawaida kwa bei ya juu huku wakisema "ndiyo ile ya Safari". Tena, ukiwa Kenya usiagize moja kutoka Ulaya kabla hujaulizia vizuri, maana kanuni ya miaka minane kwa magari ya mitumba inalifungia nje gari la umri huu. Wengi wanaoniuliza wanaishi Ujerumani kwenyewe, na mwongozo huu nimeuandika nikiwafikiria wao zaidi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kitabu cha gereji cha gari lenyewe, si cha Audi 100 ya valvu kumi.
- Jeki na stendi nne imara. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.
- Spana na soketi za milimita, pamoja na spana ya kupimia ukazaji. Kwa boliti moja utakayokutana nayo hatua ya tatu, spana ya kawaida haitoshi.
- Lita mbili au tatu za oili ya kijani ya haidroli, Pentosin CHF 11S au ile ya Audi yenye namba G 002 000.
- Maji ya breki DOT 4, oili ya injini, filta, na maji ya rejeta ya aina moja.
- Klempu mpya za mipira, za saizi mbalimbali. Nunua nyingi kuliko unavyodhani.
- Bajeti ya pili. Pesa uliyonunulia gari ni ya muuzaji, hii ni ya gari. Kama huna, usinunue bado.

Spea za kawaida kama filta, plagi na mikanda bado zinapatikana. Vitu vya 20V pekee ndivyo vigumu: manifoldi ya egzosi, diski za breki za mbele, baadhi ya mipira ya turbo. Audi Tradition, idara ya kampuni inayoshughulikia magari ya zamani, inauza baadhi, na vingine utavipata kwa wanaobomoa magari. Ukikuta kitu adimu kikiwa kizima, kinunue leo hata kama hukihitaji mwaka huu.

Hatua ya 1: Likague likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, kwani dalili mbaya za injini hii husikika dakika mbili za mwanzo tu.

Washa swichi bila kuwasha injini, kisha tazama kipimo cha presha ya turbo kwenye kompyuta ya safari. Kinahesabu presha kamili, pamoja na ya hewa inayotuzunguka. Ndiyo maana Hamburg au Dar es Salaam kitasoma karibu 1.0, na Nairobi kule juu karibu 0.8. Huo si ubovu. Kikisoma kitu cha ajabu kabisa hapo, basi mpira mwembamba unaokwenda kwenye kompyuta umekatika, au sensa imekufa.

Sasa washa injini. Mlio wa "tik tik" unaofifia gari likipata moto unaweza kuwa tapeti za oili, na hizo si msiba. Unaweza pia kuwa manifoldi ya egzosi iliyopasuka, maana chuma kikipata moto hupanuka na kuziba ufa. Utatofautisha hivi: mlio wa manifoldi huongezeka ukikanyaga mafuta gari likiwa na mzigo, na mara nyingi utaona masizi meusi kando ya ufa.

Uliza risiti ya mkanda wa taimingi. Maneno matupu si risiti.

Mwili wenyewe ni wa bati lililopakwa zinki, kwa hiyo kutu ni kidogo kuliko magari mengi ya wakati wake. Angalia tu mahali pa kuingizia jeki, pembeni mwa kioo cha mbele, na pale palipowahi kugongwa. Vishikio vya milango hukatika. Hilo lisikuvunje moyo, bali likupunguzie bei.

Hatua ya 2: Badilisha majimaji yote, na usichanganye

Hapa ndipo wengi wanapoliua gari, tena kwa nia njema.

Usukani na kisaidizi cha breki vinatumia pampu moja na oili moja, ile ya kijani. Gari hili halitumii upepo wa injini kusaidia breki kama magari mengi, linatumia presha ya oili. Karibu na kopo la oili ya kijani kuna kopo jingine la maji ya breki, ambalo ndilo linalolisha pia klachi. Hayo ni majimaji mawili yasiyopatana hata kidogo. Maji ya breki yakiingia kwenye oili ya kijani, raba zote za mfumo zinavimba: pampu, reki ya usukani, kisaidizi cha breki. Zikishavimba hazirudi, na utanunua kila kitu upya. Oili nyekundu ya gia za otomatiki nayo usiitie, hata fundi akikuapia kwamba "zote ni za usukani".

1. Fungua kopo la kijani, chovya kitambaa cheupe. Ikitoka kijani safi au manjano-kijani, shukuru. Ikiwa nyekundu, kahawia au yenye harufu ya kuungua, mtu ameshachezea.
2. Kabla ya kufungua paipu yoyote, injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara thelathini au zaidi mpaka kanyagio liwe gumu. Kuna presha iliyohifadhiwa humo, na inaweza kukurukia machoni.
3. Nyonya oili yote kwenye kopo, safisha chujio lake, jaza mpya. Zungusha usukani taratibu kulia na kushoto, jaza tena, rudia mpaka itoke safi.
4. Maji ya breki badilisha peke yake, kwa chupa na mrija ambavyo havijawahi kugusa oili ya kijani.
5. Maji ya rejeta: mwaga yote, suuza, tia aina moja. Gari lilitoka kiwandani na yale ya buluu, G11. Ukiyachanganya na yale mekundu ya G12 ya awali utapata uji wa kahawia unaoziba rejeta.
6. Oili ya injini na filta: mimi hubadilisha kila kilomita 7,500 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Turbo inaishi kwa oili hiyo hiyo, na hapo siyo pa kubana matumizi.

Hatua ya 3: Mkanda wa taimingi kabla ya kuendesha

Kama huna risiti, usiendeshe. Mkanda ukikatika kwenye injini hii valvu zinakutana na pistoni. Fanya mkanda, rola, pampu ya maji na sili za mbele kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kazi ya kufika huko ni ileile. Kilomita 90,000 ndiyo kikomo changu, na kwa gari linalolala gereji zaidi ya kutembea, miaka mitano.

Ile boliti niliyoitaja ni ya puli ya crankshaft. Inakazwa kwa takribani 450 Nm, yaani nguvu ambayo fundi wa mtaani mwenye spana ndefu na rafiki mmoja hawezi kuikisia. Ikilegea, kidole kidogo kinachoshikilia gia ya mkanda hukatika, taimingi inaruka, na injini imekwisha. Tumia boliti mpya na kifaa cha kushikilia puli isizunguke. Usiizuie injini kwa kutia gia na kukanyagisha mtu breki.

Ukishafunga kila kitu, izungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, kwa upande inaozungukia kawaida tu, kisha hakikisha alama zote bado zinalingana. Ukihisi imegota mahali, simama. Usiilazimishe.

Hatua ya 4: Pima bomu

Mafundi wanaliita bomu lile tungi dogo la mviringo linalohifadhi presha ya breki. Ndani lina gesi ya naitrojeni upande mmoja wa raba na oili upande wa pili. Raba ikizeeka, gesi hutoroka.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Acha injini ingurume dakika moja, izime, kisha kanyaga breki kawaida na uhesabu. Bomu zima litakupa hata mara ishirini laini. Kanyagio likigeuka jiwe baada ya mara mbili au tatu, bomu limekufa, na siku injini itakapozima mteremkoni utazijua nguvu za mguu wako. Badilisha. La zamani usilikate wala kulichoma moto. Lipeleke wanakopokea taka za magari.

Hatua ya 5: Tafuta uvujaji wa hewa

Kompyuta ya gari hili inapima hewa inayoingia, kisha inatoa petroli kwa kipimo cha hewa hiyo. Hewa ikiingia au kutoka baada ya kipimaji, hesabu inaharibika. Mipira ina zaidi ya miaka thelathini sasa. Kwa nje inaweza kung'aa kabisa na huku chini, palipokaa oili, imefanya nyufa za kuingiza kidole.

Anza na kipimo cha bure. Injini ikiwa ya moto na inanguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili. Injini inapaswa kutetemeka au kuzima kabisa. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hujafanya kitu, tayari kuna tundu jingine mahali.

Kisha pita hivi: mpira mkubwa kutoka kwenye kipimaji hadi turbo, mpira wa kupumulia wa injini, mipira ya kuingia na kutoka intakula (kipoza hewa ya turbo), ule wa kidhibiti cha mngurumo, raba ndogo za kukalia injekta, na oringi ya kijiti cha kupimia oili. Ndiyo, hata hicho kijiti. Upinde kila mpira kwa mkono, usiutazame tu.

Kama huoni kitu, ziba mdomo wa mpira baada ya kipimaji kwa kizibo chenye valvu ya tairi, jaza hewa taratibu, na unyunyizie maji ya sabuni. Usizidishe 0.5 bar. Hewa hiyo inaingia hadi ndani ya injini kupitia mpira wa kupumulia, na ukizidisha utasukuma sili za oili nje.

Badilisha klempu zote unapopita. Zile za zamani zilizokazwa kwa bisibisi mara hamsini zinakata mpira wenyewe.

Hatua ya 6: Moto

Plagi mpya za aina iliyoandikwa kitabuni, waya, rota na kifuniko cha distributa. Mpangilio wa kuwaka ni 1-2-4-5-3, na silinda namba moja ni ile ya mbele, upande wa mkanda. Badilisha waya mmoja mmoja ili usipotee. Basi.

Hatua ya 7: Turbo na manifoldi

Turbo ni KKK K24, inapozwa kwa oili na kwa maji. Toa mpira wa kuingizia hewa, shika mhimili wa ndani. Ukicheza kidogo sana kushoto na kulia ni kawaida. Ukisogea mbele na nyuma, au mapanga yakigusa ukuta, itoe ikafanyiwe ukarabati.

Angalia valvu ya kutolea presha iliyokaa kwenye manifoldi. Ndani yake kuna raba nyembamba inayopasuka kwa joto, na ikipasuka presha ya turbo inakuwa ya kubahatisha. Watu wengi wamenunua turbo nzima kumbe tatizo lilikuwa raba hiyo.

Manifoldi ikiwa na ufa, kuchomelea ni kazi ya mtaalamu wa chuma cha kumimina, na hata hivyo hurudi kupasuka mara nyingi. Boliti zake zikatike au zisikatike, panga siku mbili.

Na chipu? Ukishamaliza hatua zote hizi, gari likatembea msimu mzima bila kukusumbua, tutazungumza.

Hatua ya 8: Breki za mbele

Nyingi za 20V zilitoka na breki zinazoitwa UFO. Diski inalizunguka kalipa kwa nje, na kalipa inabana kutoka ndani. Zikiwa nzima zinasimamisha gari vizuri sana. Shida ni kwamba diski hupinda kwa joto, na mpya ni ghali na adimu. Usukani ukitetemeka unapofunga breki kwenye mwendo wa juu, ni hizo.

Wengi huhamia kwenye kalipa za kawaida za Girling G60. Ni njia ya busara kwa anayeliendesha gari kila wiki, lakini Ujerumani lazima mabadiliko hayo yakaguliwe na kuandikwa kwenye karatasi za gari. Kama unalenga namba ya H ya magari ya kale, inayotolewa gari likifikisha miaka 30 na ushuru wake ukawa euro 191.73 kwa mwaka, muulize mkaguzi kabla ya kufungua boliti ya kwanza. Na diski za UFO usizitupe. Atakayelinunua gari baadaye atazitaka.

Kalipa za nyuma nazo hukwama kwenye mkono wa hendibreki. Zipake grisi inayofaa, au zibadilishe.

Hatua ya 9: Magurudumu manne yanavuta, yaheshimu

Tairi zote nne ziwe saizi moja, aina moja, na zilizolika sawa. Kitufe cha kufunga difu ya nyuma ni cha matope, theluji na mchanga. Kwenye lami kavu kinaumiza difu, na kikiwashwa ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki) inazimika. Kikifanya kazi sawasawa hujifungua chenyewe gari likipita kilomita 25 kwa saa. Gari likiharibika njiani, lipandishwe lote juu ya lori. Asilivute mtu kwa kuinua magurudumu mawili.

Likikusumbua

*Halina nguvu, presha ya turbo haipandi.* Rudi hatua ya tano, kisha raba ya valvu ya turbo. Baada ya hapo soma makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta; 4444 maana yake haijahifadhi kosa lolote, na hiyo haimaanishi kwamba gari ni zima.

*Moshi mweusi ukikanyaga mafuta.* Mpira baada ya turbo umepasuka au umechomoka. Hewa iliyokwishapimwa inatoroka, petroli inabaki nyingi.

*Moshi wa buluu.* Kabla ya kuilaumu turbo, angalia mpira wa kupumulia wa injini kama umeziba, kisha sili za valvu.

*Usukani mgumu na breki ngumu kwa pamoja.* Mkanda wa pampu ya haidroli, au oili ya kijani imeisha. Simamisha gari kwa uangalifu, usiendelee.

*Breki ngumu injini ikizimwa tu, usukani hauna shida.* Bomu.

*Linazima likipata moto, likipoa linawaka.* Mshukiwa wa kwanza ni sensa ya mzunguko iliyo kwenye flaiwili. Joto linaikata. Ikibadilishwa, usiuache waya wake uguse egzosi.

*Feni inazunguka baada ya kuzima, na kuna mlio wa pampu ndogo.* Gari linajipoza. Kuna pampu ya umeme inayozungusha maji ndani ya turbo ukishazima. Ukiacha kuisikia kabisa hata siku ya joto kali, hapo ndipo uikague.

*Vitu vya umeme vinakufa na kufufuka: feni ya ndani, waipa, wakati mwingine stata.* Usianze kufungua dashibodi. Tikisa ufunguo kidogo ukiwa kwenye swichi. Vikirudi, ni sehemu ya umeme ya swichi ya ufunguo iliyochoka, na bei yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana utakachomnunulia fundi akitafuta waya zilizokatika.